Fremu Yenye Deni

Mapazia yanavutwa, projekta inapata moto, na video ya sekunde 15 inaanza. Ni tangazo la juisi ya zabibu. Sekunde ya pili haijaisha, kila kitu kimeshawasili: jina la bidhaa limeruka kutoka kushoto, bei imedondoka kutoka juu, nembo imezunguka mara moja na nusu, namba ya simu imechipuka chini. Sekunde 13 zilizobaki, vitu hivyo vyote vinatikisika kidogo palepale vilipo.

Mwalimu anaisimamisha kwenye fremu ya 112, yaani picha ya 112 kati ya zile zinazopita mfululizo kuunda video. Bango zuri. Anaruka hadi ya 240. Bango zuri lilelile. Fremu ya 371, karibu na mwisho kabisa: bango zuri.

"Sasa Mwalimu," anauliza mwenye kazi, "kama kila fremu imekaa vizuri, kosa liko wapi?"

Swali hilo halijaniacha kwa wiki kadhaa. Limeulizwa kwa adabu, na ni swali la haki. Kijana amefanya yote aliyofundishwa miaka miwili: gridi imetulia, rangi zinaelewana, herufi zina ngazi. Video ni mbovu hata hivyo.

## Walichofundishwa vizuri mno

Anayesoma usanifu wa grafiki hapa Dodoma anafika kwenye somo la picha mjongeo akiwa amekomaa kwenye bango. Bango la pale Jamatini lina mtu anayepita na mzigo, honi ya bodaboda nyuma yake, konda anayeita abiria. Lina sekunde 2 za kumpa mtu huyo nini, wapi, lini na bei gani. Likibakiza kitu, limeshindwa kazi.

Kwa hiyo mwanafunzi amejifunza kumaliza. Kila anachogusa kinatoka kikiwa kamili.

Picha mjongeo haili chakula hicho. Fremu inayojitosheleza haimpi jicho sababu ya kusubiri inayofuata. Inapaswa kubaki na deni: mkono huu unafungua nini, huyu anamtazama nani, sauti ile imetoka wapi. Fremu zinazofuata zinalipa kidogo, kisha zinakopa tena. Dawa ya deni ni kulipa, sawa, lakini ukilipa lote sekunde ya pili hesabu imefungwa na mtazamaji yuko huru kuondoka.

Chukua juisi ileile ya zabibu. Shambani Hombolo, mkasi wa kupogolea unafunguka katikati ya majani, zabibu hazionekani. Sekunde 2. Mlio wa kukata, na kitu kizito kinatua nje ya fremu. Sekunde 1. Uso wa mama mkulima akipima kwa mkono kitu tusichokiona, nyusi zinapanda. Sekunde 3. Kisha kreti kutoka juu, imejaa. Jina la bidhaa linakuja sekunde ya 9, na halihitaji kuruka kutoka popote, maana limesubiriwa.

Hakuna hata picha moja kati ya hizo tatu za mwanzo ambayo ungeichapisha na kuibandika ukutani.

## Karatasi kwanza

Wengi wetu tunaofundisha somo hili tunaanza na programu, kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwenye muhtasari na ndiyo wanafunzi wanayoitaka. Nadhani hapo ndipo mambo yanapoharibika. Programu ina kitufe cha kusogeza kitu kutoka A hadi B, na mwanafunzi akishakipata hatauliza tena kitu hicho kinakwendaje.

Anza na karatasi 6 za A4 za gramu 80. Kila moja ikunjwe nusu mara 3 na kukatwa: vipande 8 vya milimita 74 kwa 105. Jumla vipande 48, ambavyo kwa mwendo wa fremu 12 kwa sekunde ni sekunde 4 za kazi. Vibane kwa ile klipu nyeusi ya ofisini, upande mfupi wa juu.

Zoezi la kwanza ni la siku zote, mpira unaodunda, lakini likipewa vipimo linafundisha zaidi ya inavyodhaniwa. Mpira ukiachiwa kutoka mita 1.2 unagusa ardhi baada ya nusu sekunde hivi. Kwa fremu 12, nusu sekunde ni vipande 6. Kitu kinachoanguka hakigawi safari yake sawasawa. Hatua zake zinakua kwa uwiano wa 1, 3, 5, 7, 9, 11. Kwenye kipande chetu kidogo, mchoro wa kuanzia ukishawekwa, mpira ushuke milimita 2, kisha 6, 10, 14, 18, na 22. Jumla milimita 72, na kipande kinatosha kubaki na ardhi chini.

Asiyeambiwa anagawa 72 kwa 6. Anapata milimita 12 kila hatua, na mpira unashuka bila uzito wowote. Hapo ndipo rula inapotoka mfukoni na darasa linanyamaza.

Kosa la pili ni la kubonyea. Mpira unarefuka kabla ya kugusa ardhi, katika zile hatua mbili za kasi kubwa, na unabonyea kwenye mchoro mmoja tu wa kugusa. Wengi wanaubonyeza hewani, au wanaacha ukiwa umebonyea kwa michoro mitatu, na unageuka unga uliolowa. Ukipungua kimo lazima uongezeke upana, la sivyo unaonekana umetoboka.

La tatu linawashangaza: karatasi kuteleza. Hatua ya kwanza ni milimita 2. Kipande kikiteleza milimita 2 wakati wa kuchora, kosa limekuwa kubwa sawa na mwendo wenyewe, na mpira unatetemeka pale juu kabla haujaanza safari. Kwa michoro mikubwa ya A5 au A4, tumia tundu za pancha ya kawaida ya ofisi. Umbali wake ni milimita 80 katikati hadi katikati, na bolti 2 za milimita 6 (zile za spana namba 10) zilizosimamishwa kwenye kipande cha mbao kwa umbali huohuo zinashika karatasi mahali pamoja kila mara. Chagua bolti zenye shingo laini. Nyuzi hutafuna tundu, na baada ya kubandika na kubandua mara nyingi unarudi kwenye tatizo lilelile.

Kisha chomoa mchoro mmoja, ule wa mpira uliobonyea, uuweke mezani peke yake. Ni mchoro mbaya. Hakuna msanifu angeuweka kwenye jalada la kazi zake. Ukiurudisha mahali pake, ndiyo unaobeba uzito wote wa mdundo.

Hapo deni linaeleweka bila mhadhara.

Kuna maelezo yanayorudiwa kwenye noti nyingi kwamba tunaona mwendo kwa sababu jicho linabakiza picha ya nyuma. Hayatoshi. Mwanasaikolojia Max Wertheimer alichapisha mwaka 1912 majaribio yake kuhusu jinsi vitu viwili visivyosogea, vikionyeshwa kimoja baada ya kingine kwa muda unaofaa, vinavyoonekana kama kitu kimoja kinachohama. Mwendo unaundwa na mtazamaji mwenyewe. Msanifu anatoa vituo. Safari iko kichwani mwa mtu mwingine.

Malalamiko yapo. "Ticha, mbona tumerudishwa chekechea?" Na kweli, wiki mbili za karatasi zinatosha. Ya tatu inaua hamu.

## Uso mmoja, maana tatu

Karibu na mwaka 1920 huko Urusi, mwongozaji wa filamu Lev Kuleshov aliunganisha uso uleule wa mwigizaji na picha tofauti, na watazamaji wakasoma hisia tofauti kwenye uso ambao haukuwa umebadilika. Kila kozi inalitaja jaribio hili kwa aya moja na kuendelea. Ni hasara, maana linafanyika kwa simu ndani ya saa moja.

Mwanafunzi amrekodi mwenzake kwa sekunde 5, akitazama pembeni kidogo ya kamera, bila kuigiza chochote. Halafu arekodi sekunde 3 za kila kimoja: sahani ya ugali na mlenda, kiti kitupu kando ya kitanda, begi lililofungwa mlangoni. Uso, sahani, uso. Uso, kiti, uso. Uso, begi, uso. Onyesha kwa darasa jingine, siyo kwa waliorekodi.

Linapokwama, sababu huwa moja kati ya mbili. Aliyerekodiwa ameigiza: amelamba midomo kwa ajili ya ugali, na sasa uso una maana moja tu ambayo haitoki. Au mwelekeo wa jicho haukubaliani na picha inayofuata: anatazama chini kulia, na begi limepigwa kutoka juu kushoto, basi mtazamaji haoni kuwa anatazama begi.

Kwa msanifu wa grafiki hili ni gumu kumeza. Amefundishwa kwamba maana iko kwenye mpangilio wa vitu ndani ya fremu. Hapa maana iko kwenye mpaka kati ya fremu mbili, mahali ambapo hawezi kuchora chochote.

## Umeme wa 50 na upepo wa Dodoma

Nayapitia haya haraka, ingawa ndiyo yanayoharibu kazi nyingi kuliko kukosa kipaji.

Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo tyubu laiti na balbu nyingi za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Simu nyingi zinarekodi fremu 30 kwa sekunde, na mara nyingi zinajichagulia shata (muda wa kupokea mwanga kwa kila fremu) ya 1/60. Katika 1/60 ya sekunde taa inapepesa mara 1.67, yaani kila fremu inapata kiasi tofauti cha mwanga, na mistari myeusi inapanda ukutani. Weka fremu 25 na shata ya 1/50: mapepeso mawili kamili kila fremu, mistari inatoweka. 1/100 nayo inafaa. Kamera iliyokuja na simu ikikataa kubadilishwa, Open Camera ya Android ni ya bure na simu nyingi zinaikubali. Kwenye simu nyingine hakuna njia. Hamia dirishani, zima taa.

Simu pia hupunguza fremu zenyewe mwanga ukiwa hafifu. Faili linatoka na mwendo usio sawa, 25 hapa, 21 pale, na kwenye kuhariri sauti inaanza kuachana na midomo taratibu. Pitisha kila faili kwenye HandBrake, programu ya kubadili faili za video, chagua mwendo usiobadilika, ndipo uliingize kwenye programu ya kuhariri. Ukilifanya hilo baada ya kukata, unaanza upya.

Jua. Mwezi Machi na Oktoba linapita karibu utosini saa sita mchana, na macho ya mtu yanageuka mashimo mawili meusi. Rekodi kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Ukilazimika mchana, ingia chini ya mwembe, na unayemrekodi asiwe na anga jeupe nyuma yake: simu inapima anga, uso unakuwa kivuli. Gusa uso kwenye kioo, shikilia mpaka kipimo kifungwe.

Upepo wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba, hauna huruma na maikrofoni ya simu. Sponji nyepesi iliyofungwa kwa rababendi inasaidia. Kinachosaidia zaidi ni gari lililozimwa na vioo vikiwa juu: viti vinameza mwangwi, na sauti ya msimuliaji inatoka safi kuliko ndani ya darasa lenye bati na dari nyembamba.

Na kompyuta: laptopu ya GB 8 inahariri vizuri tu ikipewa nakala nyepesi za 960 kwa 540, robo ya pikseli za 1920 kwa 1080. Kwenye programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve ni suala la kubofya mara chache kabla ya kuanza. Ajabu ni jinsi wanafunzi wanavyoteseka na video inayokwamakwama muhula mzima kwa sababu hakuna aliyewaambia.

## Ukuta wa Kolo

Picha za miambani za Kolo, Kondoa, zile ambazo mwanaakiolojia Mary Leakey alizinakili mwanzoni mwa miaka ya 1950 na UNESCO ikaziingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, ni darasa zuri la kusogeza kamera juu ya kitu kisichosogea. Watu, wanyama, mistari; picha moja juu ya nyingine, nyekundu zimelaliwa na nyeupe.

Zoezi: sekunde 40, ukuta mmoja, bila flashi, bila maandishi, bila muziki.

Mwanafunzi karibu kila mara anaanza na ukuta mzima. Ndiyo bango tena. Ukuta mzima ni majibu yote kwa pamoja, na kila anachoonyesha baadaye ni kurudia. Anayeanza na mguu mmoja mwembamba wa mnyama, akapanda taratibu hadi mgongoni, amekopa. Tunataka kujua ni mnyama gani, na tukishajua tunataka kujua yuko na nani.

Mwendo wa kamera una kikomo chake. Kitu kinachovuka fremu kutoka ukingo hadi ukingo kwa chini ya sekunde 7, kwa fremu 24 au 25, kinaanza kurukaruka machoni. Mikono inayotetemeka hailaumiwi mpaka saa ipimwe; mara nyingi tatizo ni haraka. Mara nyingi, pia, kamera haikuwa na haja ya kusogea kabisa. Picha mbili zilizotulia, moja ya karibu na moja ya mbali, zingefanya kazi hiyo bora, lakini mtu aliyepewa kamera anajiona anadaiwa kuisogeza.

## Maandishi yanahitaji kusimama

Hapa wanafunzi wa grafiki wangepaswa kuwa wafalme, na ndipo wanapoanguka.

"Pata chanjo ya mtoto wako bure kila Jumatano." Ni kama herufi 44 ukihesabu na nafasi. Kwa kasi ya kusoma ya herufi 15 kwa sekunde, inataka sekunde 3, yaani fremu 75, *ikiwa imesimama*. Muda wa kuingia na kutoka hauhesabiwi, kwa sababu maandishi yanayotembea hayasomeki, yanaonekana tu. Ukiweka fremu 10 za kuingia na 10 za kutoka, sentensi hiyo moja imekula karibu sekunde 4 kati ya 15. Basi haiwezekani kuwa na sentensi nne. Hesabu hii peke yake huwafanya wafute nusu ya maneno ya mteja.

Violezo vya kupakua vimetengenezwa kwa maneno mafupi mafupi yanayodunda moja moja. Neno letu moja linaweza kuwa na herufi 14 na kubeba sentensi nzima. Likidunda kwa fremu 6 limepotea. Vunja kwa vipande vya maana: "Pata chanjo / ya mtoto wako / bure kila Jumatano."

Jambo jingine halionekani mpaka faili limetolewa. Video za kawaida za H.264, mfumo wa kubana video, huhifadhi mwanga kwa kila pikseli lakini rangi mara moja kwa kila pikseli 4. Herufi nyembamba nyekundu juu ya buluu zilizokuwa kali kwenye kioo cha kompyuta zinachafuka kingo, kwa sababu tofauti yake na usuli ilikuwa ya rangi tu. Geuza kazi yote iwe nyeusi na nyeupe kwa dakika moja. Kama maandishi yamepotea, hayatasomeka kwenye simu.

Kwenye video ya wima ya 1080 kwa 1920, achia karibu moja ya tano ya chini. Hapo ndipo maelezo na vitufe vya mitandao vinapokaa, na namba ya simu ya mteja iliyowekwa hapo hakuna atakayeiona.

## Kukata na muheme

Muziki wa mdundo wa 120 kwa dakika una pigo kila nusu sekunde. Kwa fremu 25, nusu sekunde ni fremu 12.5, na nusu fremu haipo. Anayekata kila fremu 12 anajikuta baada ya mapigo 24 yuko mbele kwa karibu nusu sekunde na haelewi kwa nini. Kata 12, kisha 13, kisha 12.

Ngoma ya muheme, inayopigwa na akina mama wa Kigogo, haikubali hesabu hiyo hata kidogo. Wapigaji wanasikilizana, wanaongeza, wanapunguza, na hakuna programu ya kupima mdundo itakayokupa namba moja. Ndiyo maana naipenda kwa kufundishia. Cheza sauti kwenye programu ya kuhariri, weka kidole kwenye M, kitufe cha kuweka alama, bofya kila pigo zito. Alama zitachelewa fremu chache kwa sababu kidole kinafuata sikio. Zirudishe zote nyuma kwa kiasi kilekile.

Kisha klipu 8 zilezile zikatwe mara tatu: juu ya pigo, fremu 2 kabla ya pigo, na kwa kuruka pigo moja moja. Toleo la kwanza linaonekana sahihi na linachosha baada ya sekunde 6. La pili lina uhai, picha inatangulia na pigo linaithibitisha. La tatu linagawanya darasa, na ubishi wake una faida kuliko jibu.

## Mteja anataka ichangamke

Sasa shaka yangu.

Mhitimu wa kozi hii hatakutana na mtazamaji aliyetulia gizani. Atakutana na mteja wa duka la vipuri anayemwambia, "Mdogo wangu, mbona imelala? Ichangamshe." Atakutana na kidole gumba kinachopita juu ya kazi yake kabla haijaanza. Kumfundisha kubana, kusubirisha, kuchelewesha jina hadi sekunde ya 9, kunaweza kuwa ni kumfundisha kukosa kazi.

Nimeligeuza hili muda mrefu, na nusu ya jibu ni kwamba deni halihitaji upole. Linaweza kufunguliwa ndani ya fremu 12 za kwanza. Mkono unaopiga nyundo kwenye kitu kilichofunikwa ni mchangamfu wa kutosha, na bado haujalipa. Kinachomfukuza mtazamaji ni sekunde 2 za nembo inayozunguka. Hizo ndizo polepole.

Nusu ya pili imenikalisha chini. Tangazo likienda kwenye skrini ya barabarani, kwenye mzunguko wa magari, hakuna mwanzo. Dereva analipata sekunde ya 7, analiacha ya 10, na analikuta likijirudia bila sauti. Runinga ya kwenye foleni ya hospitali ni hivyohivyo. Pale kukopa ni upuuzi, maana anayekopeshwa ataondoka kabla ya kulipwa. Pale kila fremu inatakiwa kujitosheleza, mwendo uwe mdogo, na vitu vikuu visiondoke.

Yule kijana wa juisi ya zabibu, kwa maneno mengine, alikuwa ametengeneza kazi nzuri ya skrini ya barabarani. Karatasi ya zoezi haikusema itaonyeshwa wapi.

Tangu hapo siamini zoezi lolote la picha mjongeo ambalo halianzi na mahali: kioo cha ukubwa gani, sauti ipo au haipo, mtu amekaa au anapita, inajirudia au inaisha. Mistari minne. Inabadilisha kila uamuzi unaofuata. Na ile picha ya kifuniko inayoonekana kabla video haijachezwa isanifiwe peke yake, kwa ustadi wote wa bango waliokuja nao. Ile haidaiwi kitu.

Kuhusu akili mnemba, maana lazima litaulizwa: inatoa klipu nzuri za sekunde chache, na wanafunzi wataitumia. Klipu hizo zina ugonjwa uleule wa fremu kamili zisizodai. Anayejua kukata atachukua sekunde 1.5 kati ya 8 na kutupa zilizobaki. Asiyejua ataziweka zote.

## Kusahihisha

Tazama kila kazi mara tatu: bila sauti, kisha sauti tupu ukiwa umeipa skrini mgongo, kisha vyote pamoja. Inachukua muda, lakini kwa kazi za sekunde 15 bado ni chini ya dakika moja kwa mwanafunzi.

Kisha simamisha kwenye fremu 5 za kubahatisha. Kama mahali pa kazi ni simu, angalau 3 ziwe zinadai kitu. Kama ni skrini ya barabarani, zote 5 ziseme bidhaa ni ipi. Alama ninazoona zinafaa ni 40 za muda, 25 za mpangilio, 20 za sauti, 15 za ufundi wa faili. Athari za kumetameta hazina alama, wala hazikatwi.

Kabla ya alama za mwisho mwanafunzi aondoe sekunde 2 kati ya 15 bila kuondoa taarifa yoyote, mbele ya wenzake, akieleza anachokata. Wengine wanakata mwanzo, na wanakuta kazi inaanza vizuri zaidi. Wachache wanashindwa kabisa kupata cha kukata, na hao kwa kawaida ndio wenye alama za juu.

Faili la sekunde 15 kwa megabiti 10 kwa sekunde ni karibu MB 19. Litumwe WhatsApp kama hati, si kama video, la sivyo linabanwa na unasahihisha kazi ya WhatsApp. Folda ya mradi iambatane: klipu, sauti, fonti, na faili la kuhariria. Jina liwe namba ya usajili, namba ya zoezi, namba ya toleo, basi. Linaloitwa FINAL_MWISHO_KABISA_3 linarudishwa bila kutazamwa.